Wembe wa Nyumbani

Saa mbili na robo asubuhi muuguzi alitoka na majibu yetu. Mimi na kaka yangu mkubwa tulikuwa tumekaa kwenye benchi la zahanati moja hapa kisiwani Amu, vidole vyetu vimetobolewa. Tulikusudia kwenda Umra pamoja baada ya miezi saba, nami nilishikilia kwanza tupimwe na tuchanjwe dhidi ya homa ya ini aina ya B. Nilikuwa nimesoma kwamba virusi vyake hukaa katika damu, na kwamba wembe wa kinyozi anayenyoa mahujaji mmoja baada ya mwingine waweza kuvihamisha. Sindano ni tatu na huchukua miezi sita kukamilika, kwa hivyo tulianza mapema.

Kaka alikuwa amenicheka njia nzima.

"Wewe bwana, hivyo vitabu vyako vitakutia wazimu. Twenda kwa Mungu, wewe waogopa vinyozi!"

"Naogopa wembe wao."

"Basi chukua wako, kama tufanyavyo nyumbani. Mwoga mkubwa."

Nyumbani kwetu wanaume walifanya hijama kila mwaka kabla ya Ramadhani. Mtaalamu alikuja kutoka mtaa wa Langoni na vikombe vyake, akachanja migongo na kuitoa damu. Wembe wa mtaalamu huyo, baba hakuutaka kabisa; alisema hajui umepita kwa nani. Alinunua mpya, akaufungua mbele ya wote. Ukaanza kwake, ukaenda kwa ami zetu, ukamalizia kwa kaka, ukifutwa kwa pamba baina ya mgongo na mgongo. Mimi nilikuwa nikizirai nikiona damu, nikaachwa. Baba alikufa tumbo limejaa maji, na ami mmoja vilevile. Tulisema ni maradhi ya ukoo.

"Wewe huna virusi, utachanjwa leo," muuguzi aliniambia. Kisha akamgeukia kaka, akashusha sauti. "Mzee, wewe chanjo haitakusaidia. Tayari unavyo."

"Tangu lini?"

"Kipimo hiki hakisemi. Huenda ni miaka mingi."

"Mwanangu, mimi sijaguswa na wembe wa mtu baki maisha yangu yote."

Mimi nilikuwa nimeshaelewa; jibu lenyewe lilikuwa katika kaburi la baba.

"Na Umra?" kaka aliuliza.

"Nenda Mombasa kwanza, ini liangaliwe."

Mkewe na watoto walipimwa wiki ile ile. Walikuwa salama, wakaanza chanjo. Mombasa daktari aliona ini limekakamaa na maji yameanza kukusanyika tumboni. Alimwandikia dawa za kumeza kila siku, akasema zitazuia virusi lakini ini lililoharibika huenda lisirudi lilivyokuwa. Tulingoja. Miezi ikapita, miguu ikavimba, na daktari akakataa kumruhusu kusafiri.

Asubuhi ya safari kaka alivuka nami kwa mashua hadi uwanja wa ndege wa Manda, ingawa nilimsihi abaki. Kupanda ngazi za gati kulimchosha, akakaa juu ya sanduku langu.

"Niombee," alisema. "Lakini usiombe niende mwakani. Omba nisiumie sana."

Nilikwenda peke yangu. Wakala wa safari alimrudishia kaka pesa zake, ila alitoa humo gharama ya tiketi ya ndege ambayo haikuweza kufutwa: shilingi elfu arobaini na tano.