Uledi Aliyewarudisha Wagonjwa Kwao

Ukitafuta mtu mbaya katika habari hii utachoka bure. Uledi wa Rumonge, mwenye mtumbwi, alikuwa mwema kupita kiasi, na hilo ndilo linalonitia uchungu.

Miaka ile ya Wadachi, vijana wetu walivuka ziwa kwenda Ubwari kugema utomvu wa mpira. Huko wengine walishikwa na malale: mtu anasinzia mchana, anakonda, anamsahau hata mama yake, mwisho anakufa. Na nani apendaye kufia ugenini? Uledi akawa anawafuata, anawalaza mtumbwini na kuwarudisha kwao, iwe Gatete, iwe Nyanza. Malipo hakutaka. Tenda wema nenda zako, alisema, na kweli alikwenda zake, kumfuata mwingine.

Katika kila bandari wagonjwa walisubiri ndugu zao kwenye kivuli cha vichaka, pale Uledi alipofunga mtumbwi. Pale Rumonge mkewe, Mwanvua, aliwapelekea uji na kukaa nao.

Siku moja Uledi alimfikisha mgonjwa kwenye kambi ya malale, kusini upande wa Nyanza. Daktari Mdachi akamuuliza, kwa kinywa cha mkalimani, amepita wapi na wapi. Uledi akazitaja bandari zake zote kwa fahari. Daktari akaeleza: mbung'o wa vichakani humnyonya mgonjwa damu, halafu humuuma mzima na kumwachia ugonjwa. Mbung'o walikuwapo ufukwe wote tangu zamani. Malale ndiyo iliyoletwa.

 Gatete sasa walikuwa wakiugua hata watu wasiowahi kuvuka ziwa, naye Uledi alidhani wamerogwa. Kumbe ni yeye!

Alirudi mbio nyumbani. Alimkuta Mwanvua jikoni, asubuhi kweupe, amesinzia na mwiko mkononi, mawese yanaungua. Akampapasa shingo. Nyuma kulikuwa na vivimbe vigumu kama maharagwe.

Akamwambia waende kambini. Mwanvua akakataa, akataka kwenda Minago, upande wa kaskazini, alikozaliwa.

"Baba Asiya, watu wote unawapelekaka kwabo," alisema. "Na mimi unipeleke kwa mama."

Minago hapakuwa bado na mgonjwa hata mmoja. Uledi akampakia mtumbwini, akashika kafi, akaelekea kusini. Mwanvua aliinua kichwa, akaona milima iko mkono wa kushoto, akajua siyo njia ya kwao. Akaanza kumwita mama yake. Uledi alilia kwa sauti, akazidi kupiga kafi, wala hakugeuza.