Faili la Chini Kabisa

Rungu la besiboli lilitua juu ya meza ya Giok, na kikombe chake cha chai kikapasuka vipande vipande.

"Shemeji, toka hapo!" A-Gu alifoka. "Toka, nisije nikakuua!"

A-Gu ni mdogo wa mume wa Giok. Kwenye kitambulisho anaitwa Bun-tek, lakini mji wetu mzima wa Shengang unamwita A-Gu, yaani Ng'ombe, na ukiiona shingo yake huulizi kwa nini. Midomo yake ilikuwa myekundu kwa tambuu, macho yakawa mekundu zaidi kwa kulia. Tangu Jumatatu alikuwa hospitalini kando ya kitanda cha kaka yake. Alhamisi hiyo asubuhi alipigiwa simu, akaondoka kitandani pale bila hata kuaga, akapitia kwake kuchukua rungu, akaja kiwandani.

Aliyempigia simu alikuwa amesimama mlangoni na karatasi mkononi: Yen-hao, mtoto wa mwenye kiwanda. Sote tunamwita Bosi Mdogo. Miaka sita alisoma ng'ambo, akarudi na viatu vyeupe, na tangu arudi havijawahi kuingia mafuta ya mashine.

"Msomee mwenyewe," alisema Yen-hao. "Programu iliyomkata kaka yako iliingizwa kwenye kompyuta hii. Kila badiliko linaandikwa jina la aliyelifanya. Hapo pameandikwa nani?"

"Giok," alisema A-Gu.

"Basi. Mimi nimemaliza."

Jumatatu ilikuwa hivi. Bun-hiong, mume wa Giok, alibadilisha kalibu, chuma kinacholipa bati umbo, kwenye presi namba nne, mashine ya kugonga bati yenye nguvu ya tani mia mbili. Presi ile ina macho ya mwanga kila upande. Mkono ukipita kati ya macho, chuma kinasimama palepale. Ndivyo ilivyofanya miaka yote, mpaka watu wakasahau kuogopa. Bun-hiong akachagua programu kwenye skrini, akabonyeza, akapiga bati thelathini safi. La thelathini na moja likakwama pembeni. Akaingiza mkono wa kulia kulisogeza, kama alivyofanya mara elfu, akijua macho yatamwona. Siku hiyo macho yalikuwa yamezimwa. Chuma hakikusimama. Waliokuwa karibu wanasema hakupiga kelele hata kidogo. Alirudi nyuma hatua mbili, akautazama ule mkono, akauliza, "Uko wapi?" Kisha akaanguka. Dereva wa foklifti alitapika kwenye ndoo ya vyuma chakavu. Giok alitoka mbio ofisini, akamfunga mumewe kwa aproni yake mwenyewe, akakaza kwa meno, na damu ikamwingia mdomoni.

Tangu siku ile Bun-hiong hajamsemesha mkewe. Giok akiingia wodini, yeye anageukia ukutani. Hilo ndilo lililokuwa likimtafuna mwanamke yule. Asemwe na kiwanda kizima, sawa, atawarudishia matusi yao pamoja na riba. Lakini mume wake aamini kwamba mkono wake umekatwa na mkewe? Hilo asingeishi nalo.

Sasa msidhani Giok ni mnyonge. Loo! Ana miaka arobaini na tisa, mfupi, mkono mzito. Alianza kiwandani kama mfagiaji wa vyuma. Mzee Ting, mwenye kiwanda, alipogundua mafundi wanafutiana kazi, huyu anahifadhi juu ya kazi ya yule, kila mmoja ana faili lake la "mwisho" na lingine la "mwisho kweli", alinunua kompyuta na programu ya kutunza matoleo, akatafuta mtu wa kuilinda. Hakutafuta msomi. Alitafuta mtu asiyeogopa kupiga watu. Giok akaenda kozi ya siku nne, akarudi na rula ya chuma.

Kompyuta ile tunaiita Ghala. Programu zote za mashine zimo humo, na kila toleo la zamani limo, halipotei. Fundi akija analia, "Dada Giok, kazi yangu ya jana imepotea," anapigwa rula ya kisogo kwanza, halafu anarudishiwa toleo la jana. Akija mwingine kusema faili limefungwa, halifunguki, Giok anatazama nani hayupo kwenye mashine yake, anamfuata mpaka chooni, anamgongea mlango: "Wee! Umeshikilia faili la watu huku umechutama? Liachie!" Wawili wakibadilisha faili moja kwa wakati mmoja, anawakalisha pamoja, wanasoma mstari kwa mstari mpaka waelewane, na anayenyanyua sauti anakula rula. Juu ya Ghala ameweka pakiti ya kijani ya bisi za mahindi, ili mashine itulie isilete ukorofi. Lazima iwe ya kijani, na isiwe imepita tarehe. Cheka ukitaka, lakini haijawahi kuzimika.

Kosa lake ni moja. Neno la siri alilibandika kwenye skrini, kwa sababu mafundi walikuwa wanasahau yao kila juma. Miaka kumi na moja kila mtu anaingia kwa jina la Giok. Ukiuliza Ghala nani amefanya nini, litakujibu: Giok, Giok, Giok.

"Shemeji, nisikilize," alisema Giok.

"Nikusikilize nini? Mkono wa kaka yangu uko kwenye barafu ya taka za hospitali, nikusikilize nini?"

"A-Gu, hasira zako uzimalizie hapo," alisema Yen-hao taratibu, akinyoosha kidole kwenye Ghala. "Mashine yenyewe ni ile pale. Ivunje, usimguse mtu. Sitakudai."

Giok akamtazama Bosi Mdogo usoni, na akaelewa. Kwa nini mtu aombe mali yake ivunjwe? A-Gu alikwishainua rungu. Giok akajirusha juu ya Ghala, akalikumbatia kwa mikono miwili kama mtu anavyomkinga mtoto, na rungu likatua begani kwake. Mfupa ulilia. Pakiti ya kijani ikapasuka, bisi zikamwagika sakafuni.

"Piga tena!" alipiga kelele Giok. "Piga, ng'ombe wee! Lakini kabla hujalivunja, liulize siku! Liulize ni lini niliingiza hiyo programu!"

A-Gu alisimama rungu likiwa juu, akihema. Nadhani alishtushwa na ule mlio wa mfupa. Anampenda shemeji yake, huyo. Giok ndiye aliyemtafutia mke.

"Uliza," alisema tena Giok, machozi yakimtoka kwa maumivu.

"Haya. Lini?"

Kwa mkono mmoja Giok akafungua orodha ya mabadiliko, akateremka mpaka kwenye mstari uliozima macho ya presi. Akamvuta A-Gu kwa shati, akambandika pua kwenye skrini. "Soma."

"Mwezi wa tatu, tarehe sita. Saa nne na dakika kumi na nne asubuhi."

"Mwezi wa tatu tarehe sita, asubuhi. Mimi nilikuwa wapi? Na wewe ulikuwa wapi?"

Tarehe sita ya mwezi wa tatu walimzika mama yao, mkwe wa Giok. Saa nne mjomba alikuwa anagonga msumari kwenye jeneza, na A-Gu, mtu mzima mwenye ndevu, alitaka kumrukia mjomba amnyang'anye nyundo.

"Ulinishika mkanda," alisema A-Gu polepole.

"Nilikushika mkanda. Ulinipiga kiwiko hapa, jino likalegea. Na Mzee Ting alikuwepo na mafundi wote. Hapa alibaki nani?"

"Anaweza kuingia akiwa nyumbani!" alidakia Yen-hao. "Akiwa popote!"

"Kwa waya upi? Baba yako aliukata waya wa intaneti wa nje kwa mkasi wake akiogopa wezi wa michoro. Ghala linafunguliwa ukiwa humu kiwandani tu." Giok akafungua folda ya kalibu lile. Majina ya mafaili ni tarehe tu, na yote yalianza kwa mia na kumi na kitu, mwaka wetu unaohesabiwa tangu jamhuri ianzishwe, kama ulivyo kwenye vitambulisho vyetu. Moja tu, chini kabisa, lilianza kwa 2024. "Shemeji, humu ndani nani anaandika mwaka wa Wazungu? Mzee Ting? Mimi? Bun-hiong? Nilirudi kutoka mazikoni nikakuta bisi zangu zimeliwa na presi namba nne haina macho. Nikamfuata huyu. Akaniambia macho yanasimamisha mashine mno, mzigo wa Japani unachelewa. Nikayarudisha macho palepale!"

Yen-hao alimfikia Giok kwa hatua mbili, akamzaba kofi lililomtupa juu ya vipande vya kikombe, kisha akanyoosha mkono nyuma ya Ghala kung'oa nyaya. Hakuzigusa. Rungu lilimpata kwenye mkono, halafu mbavuni, akadondoka kwa magoti juu ya bisi.

"Wa kulia!" A-Gu alinguruma. "Nyoosha mkono wa kulia! Unyooshe juu ya meza!"

"A-Gu, kaka yangu, nakuomba..."

"Mimi si kaka yako! Kaka yangu amekatwa!"

Akamburuta kwa nywele mpaka mezani, akambana mkono kwa goti. Yen-hao alilia kwa sauti nyembamba, suruali ikalowa. Giok alikuwa sakafuni, kiganja kikivuja damu, akaona kila kitu. Nami sitawadanganya: hakumzuia. Aliliacha rungu lishuke mara moja, na vidole viwili vya Bosi Mdogo vikavunjika yeye akivisikia. Akaliacha lipande tena. Hapo ndipo aliponyanyuka, akamshika A-Gu mkanda kwa nyuma, vilevile kama siku ya jeneza, akamvuta kwa uzito wake wote.

"Yatosha," alisema. "Yatosha, shemeji. Mama angelia."

Mzee Ting aliingia na mafundi wanne. Akamtazama mwanawe, akaitazama skrini, akasoma ule mstari. Anakumbuka vizuri siku ya mazishi, alileta shada mwenyewe. Akamvua mwanawe kiatu kimoja cheupe, akampiga nacho usoni mpaka pumzi ilipomwishia, na hakuna fundi aliyemshika. Polisi walipofika waliwachukua wote wawili, A-Gu na Yen-hao, kwenye gari moja, wakitukanana njia nzima.

Giok alibaki kutoa nakala ya orodha, ya kumpelekea mumewe. Alitaka aione kwa macho yake. Alipokuwa akingoja karatasi itoke, macho yake yalirudi kwenye ile folda, akaitazama kama anavyoitazama fundi aliyesimama kwenye presi, mwenye haraka na mikono yenye mafuta. Matoleo yamepangwa kwa namba. Toleo lake yeye, lile lenye macho, aliliandika mwezi huohuo wa tatu, na linaanza kwa 113, ambao kwetu ndio mwaka 2024. La Bosi Mdogo linaanza kwa 2024. Namba kubwa inakaa chini. Hata angeandika toleo jipya kila siku mpaka afe, la Yen-hao lingebaki chini yake. Naye hakulifuta, kwa sababu faili la bosi halifutwi. Mwezi mzima presi ilikumbuka toleo alilolipakia yeye, mpaka Jumatatu, kalibu lilipobadilishwa na mtu akalazimika kuchagua upya.

Alitoka kwenda presi namba nne. Damu ilikuwa imeoshwa. Kando ya skrini kulikuwa na karatasi iliyobandikwa miaka kumi na moja, imekuwa ya kahawia kwa mafuta, mwandiko wake mwenyewe, herufi kubwa: CHUKUA LA CHINI KABISA. NDILO JIPYA.

Akakaa chini palepale.

Wodini, Bun-hiong alikuwa amegeukia ukutani kama kawaida. Giok alikuwa amefungwa bega, shavu limevimba. Akavuta kiti, akamweleza yote: mstari, saa, jeneza, A-Gu na rungu.

"Najua si wewe," alisema Bun-hiong akiwa bado amegeuka. Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwake tangu Jumatatu. "Hata siku moja sikudhani ni wewe."

"Mbona basi hunitazami?"

Akageuka. Alikuwa analia. "Naona aibu, mama watoto. Mimi ndiye niliyechagua. Miaka yote unatupiga rula, unatufundisha, na mimi mumeo nikachagua faili baya. Nimejikata mwenyewe. Nilidhani nimechukua la chini, haki ya Mungu nilidhani ni la chini. Lazima kidole kiliteleza."

Giok aliishika ile karatasi ya orodha mapajani. Angeweza kunyamaza. Polisi walikwishamchukua mkosaji, kiwanda kilikwishamsafisha, na mumewe alikuwa amemtazama.

"Hakikuteleza," alisema. "Ulichukua la chini kabisa."

"La kwako?"

"La Yen-hao."

"La kwako lilikuwa wapi?"

"Juu yake."

Bun-hiong alimtazama. Akataka kujifuta machozi kwa mkono wa kulia, ile bendeji ikaishia hewani kabla ya kufika usoni. Akaushusha, akageukia ukutani.

Giok aliendelea kukaa pale. Wauguzi walipokuja kumwambia saa za kuona wagonjwa zimekwisha, aliwaambia waite polisi wakitaka, yeye haondoki.