Kome Waliofunga

Kome aliye hai ukimgusa anafunga. Aliyekufa anabaki wazi, ganda limeachama, na hata ukimgonga kwa ukucha hajibu. Hilo ndilo jambo la kwanza unalojifunza ukianza kufuga wanyama hawa, na kwa wiki za mwanzo halipo lingine la maana zaidi. Nalieleza mapema ili mtu asije akaniuliza mbeleni hasira zangu zilitoka wapi.

Nilikuwa mwanafunzi wa shahada ya pili katika chuo kimoja nje kidogo ya Nakuru. Kazi yangu ilikuwa kuwaweka hai kome sitini kwa siku tisini. Thelathini waliishi katika maji ya mvua, na thelathini katika maji ya mto unaopita kwetu Kuresoi, ambako kila mtu analima viazi na kila mtu anapiga dawa. Kome hula kwa kuchuja maji mchana kutwa, kwa hivyo ubaya wowote ulio mtoni anaupata yeye kabla yetu. Nilitaka kujua kama mto ule unaua. Baba yangu ni mmoja wa hao wanaobeba pampu ya dawa mgongoni juu ya mto huo, na mama anachota maji ya kupikia chini yake. Swali langu halikuwa la vitabuni.

Kila siku saa moja asubuhi nilikuwa nimeshavaa koti jeupe. Nilikuwa na matangi sita ya kioo, kila moja na kome kumi, na kila kome ana namba niliyomwandika mgongoni kwa rangi ya kucha, nyekundu kwa wa mto na nyeupe kwa wa mvua. Rangi zote mbili nilizinunua kwa muuza mapambo mjini, akanisifu kwamba nina mikono ya kupendeza. Mikono yenyewe ilinuka tope. Nilianza kwa kuwagusa wote, mmoja mmoja, na kuandika kwenye daftari nani alikuwa wazi, nani alifunga haraka, nani alijikokota. Kisha nawalisha mwani niliokuwa nikiotesha kwenye chupa dirishani, kijiko hapa na kijiko pale, halafu nabadilisha theluthi ya maji. Maji ya bomba yana klorini, yangewaua kabla ya saa sita. Maji ya kisima yana floridi, ndiyo haya yanayotugeuza meno kuwa rangi ya chai. Ikabaki mvua, na mvua haina ratiba. Stima nazo zilipotea zilivyotaka, pampu za hewa zikanyamaza, nami nikakoroga maji kwa mkono tangi baada ya tangi, nikiilaani mitambo ya umeme ya Olkaria iliyo pale tu karibu ikitoa mvuke mchana na usiku kana kwamba inamtengenezea mtu mwingine.

Msimamizi wangu alikuwa profesa, mtu wa samaki. Maisha yake yote alisomea samaki, na kome aliwachukua kwa sababu mradi uliokuja mwaka ule ulikuwa wa kome. Hilo si dhambi. Dhambi ni kwamba kwa siku sabini hakuingia maabara hata mara moja. Kila Jumatatu nilimpelekea daftari ofisini, naye akatia sahihi chini ya ukurasa huku akiongea kwa simu. Mara moja, kwa uchokozi, niliandika mwishoni, "Leo nimekula githeri, haikuiva." Akatia sahihi. Nilicheka nikishuka ngazi, lakini kilikuwa kicheko cha uchungu.

Aliyekuwa nami kila siku ni fundi wa maabara, mzee aliyebakisha miaka michache astaafu. Hakusoma mbali. Lakini angeingia, avute hewa puani, aseme, "Msichana wangu, kuna mmoja amekufa tangi ya tatu ya mvua." Nami ningetafuta na kumkuta, ameachama. Hakuwahi kukosea.

Kila Ijumaa nilipanda nyumbani Kuresoi kuchota maji mapya ya mto kwa mitungi, na Jumamosi asubuhi lori la viazi likanirudisha. Ijumaa hiyo ninayoisimulia ilikuwa siku ya sabini na moja. Mama alinisaidia kuchota, akiwa na maneno yake.

"Na hizo konokono zako bado ziko?"

"Ni kome, mama."

"Haya, kome. Tumekusomesha mpaka university ukaenda kulisha kome. Si ungebaki hapa tu, hata ng'ombe zinataka kulishwa."

Baba hakutania. Alikaa kwenye mtungi uliojaa, akauliza, "Na zile za maji yetu, zimekufa?"

"Bado hata moja, baba. Zinafunga tu. Haya maji hazipendi, lakini zinaishi."

Alitikisa kichwa polepole. Akasema nikipata jibu la mwisho nimwambie yeye kabla ya mtu mwingine, hata kama ni baya, kwa sababu anapiga dawa kwa mikono yake na angependa kujua anafanya nini. Nilimwahidi.

Jumamosi nilipofungua mlango wa maabara nilijua kuna jambo. Meza zilipanguswa. Kioo cha matangi kiling'aa. Katika matangi matatu ya mto, zaidi ya nusu ya changarawe ilikuwa tupu kama shamba lililovunwa, na katikati ya utupu huo kome wawili walikuwa wameachama, wamekufa, wakianza kunuka. Nilihesabu mara tatu. Kumi na tisa hawakuwepo, kumi na saba wa mto na wawili wa mvua.

Mzee alikuwa amesimama karibu na sinki, hakunitazama.

"Mzee, kome wangu wako wapi?"

"Prof alikuja jana na wageni wa project. Akaona zingine zimefunga. Akasema hizo ni dead, na haiwezekani wageni waonyeshwe maiti. Akakunja shati akazitoa mwenyewe."

"Aliwatoa waliofunga?"

"Waliofunga."

"Na hawa wameachama akawaacha?"

"Hao aliwaonyesha wageni. Akasema, 'You see, this one is feeding.'"

Nikamuuliza mzee yeye alikuwa wapi. Akasema alikuwa hapo hapo, ameshika ndoo.

"Na ukanyamaza!"

"Sasa ningesema nini, msichana wangu? Yule ni professor. Mimi ni mtu wa kuosha chupa. Nimwambie mbele ya wageni ati hajui kitu amesomea?"

Nilimfokea. Nilimwita mwoga, mtu wa umri wa babangu, nikapiga meza mpaka chupa za mwani zikatikisika. Sijivunii hilo hadi leo. Alingoja nimalize, kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba alizitupa kwenye shimo nyuma ya maabara kama alivyoagizwa, ila aliwakataza watu wa shamba wasichome takataka hiyo Ijumaa kama kawaida yao.

Nilitoka mbio bila hata kumshukuru. Shimo lilikuwa na nyasi zilizokatwa, majivu ya wiki zilizopita, majani ya chai na karatasi za mtihani. Korongo mmoja wa jalalani alisimama ukingoni akitazama ndani, na nilimtupia jiwe na tusi la kwetu. Nilishuka na koti langu jeupe, nikachimbua kwa mikono. Wa kwanza kumpata alikuwa mwekundu, namba kumi na nne. Ganda limebana kabisa, kavu juu, zito mkononi. Uzito huo ulinitoa machozi, kwa maana kome mzito bado ana maji ndani. Mzee akashuka na ndoo, tukachimbua wote wawili. Tulipata kumi na wanane. Wawili walikuwa wamevunjwavunjwa, nadhani na yule korongo. Mmoja hakuonekana kabisa.

Kumi na sita tuliwarudisha majini. Nikakaa kwenye stuli nikiwaangalia. Saa tano hakuna kitu. Saa sita hakuna kitu. Saa saba na robo, namba kumi na nne alitenga ganda lake kidogo, upana wa uzi, akaanza kuvuta maji. Kufika saa kumi wote walikuwa wamefungua. Walifunga kwa sababu hawakupenda maji, wakatupwa kwa sababu walifunga, na huko shimoni kufunga ndiko kulikowaokoa.

Lakini kuwa hai kwao hakukuniokoa mimi. Kome aliyelala siku nzima shimoni si yule yule tena, na kwa haki hawezi kuhesabiwa na wenzake ambao hawakutoka majini. Siku sabini na mbili za kazi yangu zilikuwa zimeharibika, na nilijua hivyo nikiwa bado na majivu kwenye nywele.

Jumatatu nilimweka namba kumi na nne kwenye kopo la maji nikapanda naye ofisini. Nilimsalimia profesa kwa heshima zote, nikaweka kopo juu ya karatasi zake. Kome alikuwa wazi.

"Hii ni nini?"

"Ni mmoja wa wale ulitoa Ijumaa, Prof. Niliwatoa kwa shimo. Mguse tu."

Alimgusa kwa ncha ya kalamu. Kome akafunga, tap. Profesa akavuta mkono. Kwa muda mfupi niliona usoni mwake kwamba ameelewa, ameelewa kabisa, na nikadhani sasa atasema pole. Neno moja tu la herufi nne. Badala yake alisogeza kopo pembeni na kufuta maji kwa kitambaa.

"Sikiliza, my dear. Andika hao kumi na tisa wamekufa. Nimeshawaambia wageni maji ya Kuresoi yanaua kome in seventy days. It's a very beautiful result."

"Lakini hawakufa, Prof."

"Kwa experiment ni sawa na kufa. Ukiandika hivyo unamaliza thesis, unagraduate. Ukitaka kuanza upya, hiyo ni juu yako. Nani atakupea miezi mingine mitatu?"

Matokeo mazuri! Nilimfikiria baba akiwa amekaa juu ya mtungi. Ningepanda Kuresoi nimwambie nini, kwamba mikono yake inaua mto, na ushahidi ni mtu wa samaki aliyekunja shati? Labda dawa zake zinaua kweli. Sikujua, na hicho ndicho kilichonikera mpaka mifupani, kwamba baada ya siku sabini na moja za kuamka na kugusa, bado sikujua, na huyu alitaka tujifanye tunajua. Nilichukua kopo langu. Nikasema, "Sawa, Prof," kwa sababu hivyo ndivyo tulivyolelewa, mkubwa haambiwi. Nikashuka ngazi nikijichukia. Mzee nilimwita mwoga kwa kunyamaza mbele ya mtu huyu huyu.

Jioni hiyo nilifungua daftari. Niliandika kwa kalamu ya wino, polepole, herufi za darasa la pili:

"Siku ya 71. Kome kumi na tisa walitolewa matangini wakiwa hai na kutupwa. Aliyewatoa ni msimamizi wa utafiti huu, ambaye hakujua kwamba kome aliyefunga yuko hai. Kumi na sita walipatikana hai shimoni. Jaribio limeharibika. Litaanza upya."

Mzee alisoma juu ya bega langu. Nilimwomba radhi kwa yale ya Jumamosi. Alisema, "Hiyo imekwisha," kisha akaniomba kalamu. Chini ya maneno yangu akaandika jina lake lote, na "nilikuwepo". Alibakisha miaka michache apate pensheni yake, na alijua anaiweka hatarini.

Wiki nzima nilijiandaa kwa vita. Nililala na majibu mdomoni, nikaamka nayo. Jumatatu iliyofuata nikapeleka daftari, nimelifungua kwenye ukurasa ule ule. Profesa alikuwa na simu sikioni. Akavuta daftari, akatia sahihi chini, tarehe pembeni, akanisukumia.

Kama angenifokea, kama angeurarua ule ukurasa, ningeheshimu hata hasira yake. Lakini alitia sahihi kama ile siku ya githeri. Nilisimama hapo, nikangoja akate simu.

"Prof, naomba usome."

"Nimeshasoma. Kazi nzuri."

Mlango ulikuwa wazi, na karani wake alikuwa pale nje akichapa barua. Nikachukua daftari, nikalishika kwa mikono miwili, na kwa sauti ile tunayosomea matangazo kanisani nikamsomea, neno kwa neno, kuanzia siku ya sabini na moja hadi jina la mzee. Karani aliacha kuchapa. Nilipofika "hakujua kwamba kome aliyefunga yuko hai" profesa alinyoosha mkono atwae daftari. Nilirudi hatua moja nyuma, nikamalizia na jina lake yeye, nikalisoma jinsi alivyoliandika mwenyewe. Wino ulikuwa umeshakauka.

Nikashuka maabara. Mzee alikuwa amekinga mvua, mapipa mawili yamejaa. Niligeuza ukurasa, nikaandika siku ya kwanza.