Glasi ya Chai Chini ya Tuta la Hidaya

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ukungu bado umelalia bonde, na Hidaya Shemhilu anavua ndala zake. Anazishika mkononi, kisha anaanza kutembea kwenye nyasi chini ya tuta la bwawa lake, taratibu, kama mtu aliyedondosha sindano.

"Na wewe vua," anamwambia mwandishi wa makala haya. "Kwa mabuti hayo hutasikia kitu."

Mwandishi anavua. Baridi ya Lushoto haina masihara, lakini baridi hiyo ndiyo Hidaya anayoitafuta. Nyayo zake zinapima wapi pamelowa leo ambapo jana palikuwa pakavu.

Kwenye kona moja maji yanachuruzika. Anachuchumaa, anayakinga kwa glasi tupu ya kunywea chai, anaiinua kwenye mwanga.

"Meupe," anasema. "Haya hayana neno. Tuta la udongo lazima litoke jasho kidogo. Yakija na tope ndiyo balaa, maana yake linaliwa kwa ndani."

Hidaya, mwenye miaka 56, analima kabichi na pilipili hoho kwenye mteremko ulio juu ya Soni. Bwawa hilo, ambalo wenyeji huliita ndiva, lilichimbwa na marehemu mumewe, Mussa, miaka 22 iliyopita, kwa majembe na nguvu za majirani. Kina chake penye tuta ni mita tatu. Linamwagilia mashamba ya kaya kumi na moja.

Hatua sitini chini ya tuta ipo nyumba ya Filomena, aliyechuma chai katika mashamba ya Bulwa kwa miaka kumi na tisa kabla ya kununua kiwanja hapa. Anaishi na wajukuu watatu. Tuta likipasuka, maji yanaanza kwake.

Kosa lilianza kwa nia njema kabisa. Huku milimani, tangu shuleni mtu anafundishwa kwamba mti hushika udongo. Basi Mussa alipomaliza tuta lake, akapanda juu yake miti kumi ya plamu.

"Kila aliyepita alimsifu," Hidaya anacheka. "Hata mimi. Tuta linashikwa, na plamu tunakula! Nani angekataa?"

Kwenye mteremko, somo lile ni la kweli. Kwenye tuta la bwawa, mambo ni mengine: mti ukifa, mizizi yake inaoza na kuacha matundu, na maji yakilipata tundu hayaombi ruhusa.

Mti mmoja ulikufa, Hidaya akaukata kuni, kisiki akakiacha. Masika ya miaka minne iliyopita, asubuhi moja, glasi ikatoka na tope.

"Sikwenda kwenye koki kwanza. Nilikimbia kwa Filomena, nikamwambia, 'Dada, toka na watoto, vyombo viache.'"

Kisha akafungua koki ya bomba la kutolea maji lililo chini ya tuta, nusu tu, kwa sababu maji yakishuka kwa ghafla, udongo wa upande wa ndani unaweza kumeguka. Bwawa lilichukua siku mbili kukauka. Shemeji yake, Hamza, naye mtumiaji wa maji hayo, alikuja akifoka.

"Shemeji, unamwaga maji ya watu kwa ajili ya glasi moja chafu?"

"Maji yatarudi, shemeji. Filomena akienda na maji, harudi."

Kiangazi kile, bwawa likiwa tupu, Hidaya alipoteza mashina elfu tatu ya kabichi. Wengine walimnunia. Lakini mhandisi wa maji aliyeitwa kuliangalia tuta aliwaambia wafukue kile kisiki, na aliyefukua ni Hamza mwenyewe. Alipofika chini alikuta tundu. Akaingiza mkono. Ukazama mpaka kwapani.

"Nilikosea," Hamza anakiri, akijikuna kichwa. "Nikasema, tukate miti yote. Aliyekuwa hataki sasa ni shemeji."

Ni kweli. Miti ile tisa iliyobaki ndiyo ilikuwa mkono wa Mussa uliobaki duniani. Hidaya aliomba siku tatu. Akakata vijiti vya miti hiyo na kuviunga kwenye miche michanga, kisha akaruhusu panga lifanye kazi.

"Nililia, tena kwa sauti. Sioni aibu. Lakini Mussa alichimba bwawa ili watu wapate kula. Hakulichimba liue mtu."

Waling'oa visiki na mizizi yake yote, wakajaza udongo wa mfinyanzi na kuushindilia tabaka kwa tabaka. Siku hizi juu ya tuta ni nyasi fupi tu, na kaya zote kumi na moja zina zamu ya kuzifyeka ili shimo la fuko lionekane mapema. Asiyefika zamuni, maji yake yanasubiri. Hidaya hana mchezo.

Mpango wake sasa ni kupanua utoro wa maji, yaani njia ya pembeni ya kutolea maji yanapozidi, na kuujenga kwa mawe. Mawe yamekwisha kurundikwa. "Kabla ya masika tunamaliza. Tutamaliza tu," anasema, wala sauti haitetereki.

Jua linapochomoza, anateremka kwa Filomena. Uani imesimama ile miche aliyoiunga, mbali na tuta, mmoja ukiwa umezaa plamu zake za kwanza Desemba iliyopita.

Kila masika, tangu siku ile ya tope, Filomena amekuwa akijitwika godoro na kuhamia kwa binti yake aliyeko Muheza mpaka mvua iishe. Leo godoro limeanikwa kwenye kamba. Mwandishi anamuuliza anasafiri lini.

Filomena anamtazama Hidaya, anaitazama glasi iliyo mkononi mwake.

"Ilikuwaje leo?"

"Meupe."

"Basi sisafiri," anasema Filomena, na kuligeuza godoro upande wa pili likauke.