Mshumaa wa Kisimani

Clovis alifanya kazi miaka mingi kwenye visima vya mafuta huko Muanda, pwani. Alikuwa mmoja wa wale wanaosukuma maji kwa nguvu chini kabisa, ndani ya miamba, ili mafuta yaliyogoma yapande kupitia kisima kingine. Kila likizo alitusimulia hayo hadi tukachoka. Mimi, jirani wa dada yake, nilimwita bwana mkubwa wa chini ya ardhi, naye alicheka tu, maana hakuwa na majivuno. Alikuwa na woga mmoja: moto. Kazini kwao hata kiberiti kiliachwa getini. Gesi ikipanda ikakutana na cheche, habaki mtu wa kuzikwa.

Mwaka jana alikuja kwetu Ruashi mwishoni mwa kiangazi, kisima cha dada yake Falonne kikiwa kimekauka. Kabwe, mume wa Falonne, alijifunga kamba kiunoni ashuke kukichimba zaidi. Kwetu hashuki mtu kabla ya kuteremsha mshumaa. Ukizimika huko chini, hewa ni mbaya, unangoja. Kabwe alikuwa ameshauwasha.

Clovis alipoona mwali kwenye mdomo wa shimo aliruka, akaupuliza.

"Shemeki, moto pa shimo inaua bantu," alisema. Akainama, akanusa. "Kule ku mafuta, gaz ya mubaya inanuka sawa mayai ya kuoza. Huku hakuna harufu."

"Weye njo unajua mashimo," Kabwe alimjibu. "Basi nishuke."

Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema watu. Hewa iliyolala mle kisimani haikuwa na harufu yoyote, na iliua vilevile. Kabwe alifika chini, akakaa kama mtu aliyechoka. Tulipomvuta juu alikuwa ameshakata roho.

Nilimkasirikia Clovis, sifichi, na hasira haijaisha. Lakini mazoea yana taabu. Kule kazini kwao, kuuzima ule moto kungemwokoa Kabwe.

Siku ya kilio umeme ulikatika jioni. Falonne akawasha mshumaa kichwani pa jeneza. Clovis, aliyeketi karibu, akashtuka na kuinua uso. Dada yake alimtazama.

"Yaya," alimwambia kaka yake polepole, "hii buji uiache iwake."

Hajamwambia neno jingine mpaka leo.