Mistari Tisa ya MKE

Neno lililomkata maini Hasara kuliko matusi yote lilikuwa "zilifeli". Mgeni akiingia sebuleni kwake, akaona zile mashine nne za gemu zimepangwa kwenye rafu, akauliza mbona hajawahi kuziona popote, kisha akajijibu mwenyewe, "Aa, hizi si ndizo zilizofeli?", basi karibu ya mgeni huyo iliishia hapo hapo. Zilifeli kwa nani? Kwa matajiri waliotarajia mamilioni, wakapata maelfu, wakafunga viwanda na kula kona. Nyumbani kwake hazikufeli hata siku moja. Ukibonyeza, zinawaka. Ni watu wangapi unaowajua wanaoweza kusema hivyo juu ya nafsi zao?

Jina la Hasara alipewa na majirani. Mwenyewe alikuwa fundi wa kukata vioo vya miwani, mtu wa vipimo, asiyevumilia kioo kilichopotoka hata kwa unene wa unywele. Lakini kila duka lilipoanza kutupa mashine ambayo hakuna aliyeitaka, yeye huyo, mbio, anaikumbatia mpaka nyumbani. Ya kwanza ilitoka na gemu saba, na hakuna aliyejisumbua kuitengenezea ya nane. Ya pili ilikuwa ya kuvaa usoni, ukiicheza nusu saa unatapika. Hasara alivikagua vioo vyake akasema aliyevikata alistahili kufungwa. Ya tatu hata usiulize.

Ya nne ndiyo yenye kisa. Ilikuwa nyeusi, kubwa kama kasha la viatu. Iliuzwa miezi kumi na moja tu, kisha kampuni yake ikaitangaza kuwa imekufa. Gemu yake iliyobaki dukani ilikuwa moja: unaendesha lori lililojaa chupa kwenye barabara ya mlima, na kila chupa inayofika chini nzima ni alama zako. Basi. Mkewe aliposikia hivyo alicheka mpaka akashika ukuta.

Mkewe alikuwa mpiga chapa katika ofisi ya mawakili, vidole vyepesi, mdomo mwepesi zaidi. Alikaa mbele ya lori hilo jioni ya kwanza ili amcheke mumewe vizuri, na hakuinuka mpaka chakula kikaungua. Mwisho wa kila mchezo mashine ilionyesha orodha ya washindi, mistari kumi, ikakutaka uandike herufi tatu za jina lako. Mke akaandika MKE. Mume akaandika MME. Baada ya mwezi, mistari tisa ya juu yote ilikuwa ya MKE, na wa kumi, chini kabisa, ulikuwa wa MME. Ikabaki hivyo miaka kumi na mitano. Hasara akijikakamua mpaka akapanda wa tisa, mwenzake alivua viatu, akakaa, akamteremsha kabla chai haijapoa. "Rudi kwako, bwana," alimwambia. Hasara alikuwa anavimba kwa hasira, na usingizi wake siku hizo ulikuwa mtamu ajabu.

Mkewe alipofariki, nguo zake walichukua dada zake na mashine ya chapa ilirudi ofisini. Orodha ilibaki. Mwaka wa sita sasa, kila alipotoka kazini Hasara aliiwasha ile mashine nyeusi bila kugusa pedi ya kuchezea. Ukiiacha kidogo huionyesha orodha yenyewe. Aliitazama mistari tisa ya mkewe, wa kwanza ukiwa wa laki tatu, elfu kumi na nane, mia nne na hamsini, kisha akaizima na kwenda kupika.

Na orodha yote hiyo, jamani, iliishi kwa betri moja ya duara, ndogo kama kifungo cha koti, chini ya kifuniko cha nyuma. Ikifa betri, imekufa orodha. Ilishabadilishwa mara moja, na aliyeibadilisha ni mke mwenyewe, Hasara akiwa ameshika taa. Siri yake ni kwamba unaibadilisha mashine ikiwa inawaka, ili umeme wa ukutani uishikilie kumbukumbu wakati betri imetoka. Ukiitoa mashine ikiwa imezimwa, hata kwa pumzi moja, kwisha. "Usizime," mkewe alimwambia siku ile. "Hata nyumba ikiungua, usizime."

Wiki tatu zilizopita maandishi mekundu yalijitokeza kwenye kioo cha televisheni: betri ya kumbukumbu iko chini. Siku hiyo hiyo Hasara alinunua betri mpya, akaitia kwenye mfuko wa shati. Ikakaa humo, ikihama naye shati hadi shati. Kila jioni alishika bisibisi, na kila jioni mikono yake, ile ile iliyokata vioo maelfu, ilianza kutetemeka. Kesho, akasema. Kesho ikawa kesho. Jumapili bintiye alipomtembelea akayaona maandishi.

"Baba, hii si betri tu? Mume wangu atakubadilishia dakika mbili."

"Asiiguse."

"Kwa nini?"

"Nimesema asiiguse!"

Hakueleza, maana kueleza kungekuwa kukiri kwamba anaogopa.

Alhamisi alirudi kutoka kazini akamkuta mkwewe sebuleni. Mkwe alikuwa fundi simu, kijana mpole, msafi wa kazi. Binti alikuwa amempa ufunguo ili wamfurahishe mzee. Mashine ilikuwa imefutwa vumbi mpaka inang'aa.

"Shikamoo, Baba. Kazi imekwisha. Lile onyo halipo tena."

Hasara hakuitikia. "Ulizima?"

"Nilizima, Baba," mkwe akasema kwa fahari. "Nikachomoa na waya ukutani kabisa. Mimi sifungui kitu chenye umeme. Ndiyo sheria yetu ya kwanza."

Na kweli ndiyo sheria yao. Fundi mzembe angeifungua ikiwa inawaka, na orodha ingepona. Uzembe ungemwokoa mzee, uangalifu ukammaliza, na hilo lilimtia Hasara kichaa kuliko lolote. Aliiwasha. Akangoja. Mistari kumi ikatokea, yote vistari vitupu na sifuri.

"Umemfuta," alisema.

"Baba?"

"Umemfuta mke wangu! Umekuja nyumbani kwangu na vitambaa vyako, ukamfuta kama vumbi! Toka! Toka nisije nikakushika!"

Mkwe alitoka viatu vikiwa mkononi.

Hasira ile haikulala. Kesho yake kazini Hasara alivunja vioo viwili vya miwani ya mwalimu mmoja, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu alipoajiriwa, na bosi alipouliza, alijibiwa jibu ambalo bosi hajibiwi. Jioni binti akaja. Hakukaa.

"Ufunguo nilimpa mimi. Nitukane mimi."

"Nilisema asiiguse!"

"Hukusema usizime! Neno moja tu, Baba. Usizime. Lingekuuma nini?" Kisha akaona kitu kinachochungulia kwenye mfuko wa shati, akakichomoa. Betri, ndani ya pakiti yake. "Hii ya lini?"

Hasara alinyoosha mkono aichukue.

"Baba, ya lini?"

"Wiki tatu."

Binti aliiweka mezani taratibu. "Alikuwa mama yangu pia. Hukuwahi hata kunionyesha namna ya kumtunza."

Akaondoka. Hapo Hasara akamwona mtu aliyestahili ile hasira yake yote, na hakuwa fundi simu.

Alikaa mbele ya televisheni, akashika pedi, akaendesha lori kwa ghadhabu. Elfu arobaini na moja na mia mbili. Mashine ikamwambia ni wa kwanza, ikaomba herufi. Akaandika MKE. Akaitazama ile MKE juu kabisa, na elfu arobaini na moja pembeni yake, na uso ukamwaka moto. Mwanamke yule hakuwahi kupata alama chache namna hiyo hata siku anaumwa jino. Huku ni kumtukana. Akaizima mashine, akachomoa waya, akashika bisibisi, akaitoa ile betri kwa mkono wake. Mkono haukutetemeka. Akairudisha, akacheza tena, vibaya zaidi, akaandika MME.

Jumamosi mkwe alikuja na binti, akasimama mlangoni.

"Ingia," Hasara alisema bila kugeuka. "Nilikuwa na betri mfukoni wiki tatu. Kosa langu. Kaa ucheze."

Mkwe alicheza jasho likimtoka. Elfu arobaini na sita. Akaanza kuandika: M, K...

"Weka lako," Hasara akamkata. "Lake halikai chini ya laki tatu."

Mkwe akaandika MKW. Jina likapanda juu, na MME ikashuka mstari wa pili. Hasara alihisi kifua kinamfoka vile vile kama zamani, kwa kushindwa sebuleni mwake mwenyewe, kwenye lori lake mwenyewe.

"Rudi kwako, bwana," akasema binti nyuma yake.

Hasara aligeuka kama aliyeungua. "Nani kakwambia maneno hayo?"

"Chumba changu si kilikuwa hapo nyuma, Baba? Nimeyasikia miaka kumi na mitano."

Hasara akampokonya mkwewe pedi.

"Sogea," alisema, na mikono ilikuwa inamtetemeka tena. "Na usizime."