Kupanga Watoto wa Mama kwa Alfabeti

Katika kazi yangu hakuna jambo rahisi kama kupanga majina kwa alfabeti. Natengeneza tovuti kwa PHP, na ukiwa na orodha ya maneno, hata iwe ndefu namna gani, unaandika amri moja tu, sort, na mabano yake. A zinakaa juu, B zinafuata, imekwisha. Wateja hudhani nimetoka jasho. Siwatoi tongotongo, maana na mimi nakula.

Nilirudi Lukozi kuishi na mama alipoanza kupoteza watu. Kaka alipiga simu ya video kutoka Dar, mama akamjibu vizuri, akamuuliza habari za huko na za watoto, kisha akanigeukia na kuniuliza kwa sauti ya chini, "Huyu mgeni ni nani?" Kaka alisikia. Daktari mmoja mjini Lushoto alituambia ugonjwa ule haurudi nyuma, ila tumzoeshe sura na sauti za watu wake, inaweza kusaidia kwa muda. Mimi ni kitinda mimba, sina mume wala mtoto, na kazi yangu inafanyika popote penye mtandao, kwa hiyo mimi ndiye niliyebaki naye. Niliogopa jambo moja tu, na sioni haya kulisema: siku atakayonitazama asijue kuwa mimi ni mwanawe.

Basi nikafanya ninachokijua. Nikatengeneza ukurasa kwenye tableti, una picha za wanawe na wakwe zake, jina chini ya kila picha, na ukiigusa unasikia sauti ya mwenyewe akimsalimia mama. Nikaandika sort, nikajipongeza.

Mama alipoufungua aliufunika hapo hapo kwa kanga. Juu kabisa alikuwa mkwe wake, mume wa dada yangu mkubwa, kwa sababu tu jina lake linaanza na A. Mama hajawahi kumtazama yule bwana usoni tangu alipokuja kuposa. Akifika nyumbani, mama huzungumza naye akiwa amegeukia jikoni, na wote wawili huona ndivyo inavyotakiwa.

"Mkwe anakaaje mbele ya wanangu?" aliniuliza. Nyumbani tunasema Kishambaa, hapa nayaandika kwa Kiswahili. "Na mkubwa wangu umemtupa huko chini. Amekosa nini?"

"Ni alfabeti, mama."

"Alfabeti ndiyo iliyowazaa?"

Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Nilimwambia ndivyo dunia nzima inavyopangwa, kuanzia namba za kwenye simu hadi daftari la mahudhurio shuleni. Mama akasema shuleni ni sawa, kule watoto si wa mtu mmoja. Nilikwenda jikoni kumenya viazi kwa nguvu kuliko viazi vilivyostahili.

PHP ina njia nyingine ya kupanga, inaitwa usort. Hapo kanuni unaiandika wewe. Programu inachukua wawili kutoka kwenye orodha na kukuuliza: kati ya hawa, nani aanze? Ukijibu, inachukua wawili wengine, na wengine, mpaka kila mtu apate mahali pake. Anayejibu hahitaji kuijua orodha nzima. Nimeitumia miaka yote bila kuifikiria, mpaka nilipokuwa na kisu mkononi na maganda miguuni. Mama hakuweza tena kuwataja watoto wake wote kwa mfuatano, akifika katikati alipotea na kuanza kulia. Lakini wawili tu?

Ningeweza kuweka tarehe za kuzaliwa nikamaliza kazi. Ila mpangilio wenyewe nilikuwa naujua tangu utoto. Nilichotaka ni mama ajibu.

Nikawaondoa wakwe, nikaufanya ukurasa uonyeshe picha mbili kwa wakati, kubwa, na mama aguse wa kwanza. Asubuhi ukungu ukishapanda tuliketi kibarazani, yeye na sweta lake na jiko la mkaa karibu na miguu. Hakukosea. Na kila jibu lilikuja na habari zake. "Huyu. Huyu nilimbeba mgongoni gari lilipotufia Soni, tukapanda kwa miguu. Yule alikuwa bado." Au: "Huyu alizaliwa baridi ile iliyounguza viazi, tukala kabichi mpaka tukazichukia." Mengine sikuwahi kuyasikia maishani mwangu. Nilikuwa nikicheka naye, na nilikuwa na furaha, hata nikasahau kwa nini tulianza.

Siku nyingine aligoma kuchagua. "Wote wangu," alisema. Kwenye programu jibu hilo ni sifuri, maana yake hawa wawili ni sawa, waache walivyo. Niliweka kitufe cha sifuri kwa ajili yake.

Halafu, msimu wa baridi uliofuata, majibu yakaanza kuzunguka. Kaka ni mkubwa kuliko dada, dada kuliko ndugu yetu wa Arusha, na huyo wa Arusha kuliko kaka. Haiwezekani, lakini programu haijali. Inapokea majibu hayo na kukupa orodha iliyonyooka kana kwamba hakuna kilichotokea. Nilitamani ilete kosa, maandishi mekundu, niwe na kitu cha kurekebisha. Nilikaa na ile tableti mapajani nikaona uchungu.

Dada mkubwa alipanda kutoka Mombo, ambako ana duka la vinywaji, akatukuta kibarazani na picha zetu. Alitazama kidogo, akaniita pembeni.

"Mdogo wangu, mbona unamfanyia mama mtihani?"

"Namsaidia akumbuke."

"Na wewe mbona humo?"

Nilimwambia mimi ni wa mwisho, mtu wa mwisho hana haja ya kulinganishwa. Dada aliponiona nataka kupandisha hasira, akaniwahi, "Haya, yaishe," akaenda kumsuka mama nywele. Alijua kama nilivyojua mimi kwamba picha yangu sikuisahau.

Alipoondoka niliiweka. Ni ya zamani, ya mahafali ya chuo, kabla ya miwani na kabla ya mvi zilizoniwahi. Asubuhi nikamkalisha mama juani, nikamwekea dada na mimi.

Aliangalia muda mrefu. Kisha akamgusa dada. "Huyu mkubwa."

Nilitaka kupiga vigelegele. "Na huyu mwingine?"

"Mwanangu wa mwisho," alisema, na uso wake ukalainika. "Alikuwa mlizi huyu! Ukimweka chini analia, ukimbeba analia."

"Unampenda?"

"Swali gani hilo?"

Nilikuwa nimeshaanza kulia, kwa shukrani. Nikamuuliza, "Yuko wapi sasa?"

"Alikwenda kusoma mbali. Atarudi." Akaipapasa ile picha kwa kidole, na sauti yangu ya kwenye tableti ikamsalimia. Akaiitikia kwa upole.

Kisha akainua macho na kuniona. Alinitazama taratibu, miwani, mvi, machozi, kama mtu anayefungua mlango na kumkuta mgeni mwenye msiba. Akaiweka tableti pembeni kwa uangalifu. Akatengeneza kanga yake kichwani, akashika mkono wa kiti, akajiinua nusu na kuinamisha kichwa.

"Shikamoo," alisema.

Nilisema, "Mama, hapana." Hakunisikia, au hakuona kama hilo ni jibu. Alibaki vile vile, ameinama, hajui kama akae au asimame, na aibu ikaanza kumwingia usoni, aibu ya mtu aliyesalimia kwa heshima na hakuitikiwa. Yeye ndiye aliyetufundisha kwamba hakuna ukatili kama huo.

"Marahaba," nilisema.

Mama akaketi tena, akashusha pumzi, ameridhika.